Kaptula na joho la ndondi pale Kilombero: mkanda umenyooka, joho bado

Banda lenyewe limo kwenye safu ya mafundi cherehani jirani na Soko la Kilombero, Arusha, limebanwa kati ya muuza vifungo na fundi wa sare za shule. Halina bango. Utalitambua kwa mashine ya kudarizi yenye kichwa kimoja iliyokaa mlangoni, na mikanda ya satini inayoning'inia kwenye waya kama samaki wa kuanikwa. Wanashona kaptula za ndondi, wanashona majoho ya kuingilia ulingoni, na wanadarizi jina la bondia. Mwenye haraka achukue hili aende zake: kaptula agiza, joho ngoja kwanza, na jina liandike kwa mkono wako mwenyewe kabla mashine haijawashwa.

Kaptula ya satini yenye jina mbele ni shilingi 40,000, siku tano. Joho lenye kofia ni 110,000, wiki mbili, nusu ya fedha unatanguliza. Kudarizi jina tu kwenye nguo uliyoleta ni 12,000. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, na mwambie fundi aandike jina lako la ulingoni humo humo kwenye risiti, herufi kubwa. Sababu itaonekana mbele.

Walipewa kazi tatu, kila moja imechaguliwa makusudi ili ibane mahali fulani: mkanda wa kaptula wenye BENDIGO, mkanda mwingine wenye SANING'O, na joho jeusi lenye KIJANA WA NGARENARO mgongoni.

Tuanze na BENDIGO, maana ndilo lililotoka vizuri kuliko yote. Ni jina la ulingoni la William Thompson wa Nottingham, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1811 na kupigana ngumi kavu, zile za mikono mitupu, kabla glovu hazijawa sheria. Jina lilitoka kwenye Abednego. Husimuliwa kwamba alizaliwa mmoja wa mapacha watatu, watu wakawaita Shadraka, Meshaki na Abednego, kama wale vijana wa tanuru la moto. Abednego likasagwa mdomoni mwa mashabiki hadi likawa Bendigo. Asili yake ni ya Babeli, jina alilopachikwa Azaria katika kitabu cha Danieli, na wataalamu huliona kuwa na maana ya mtumishi wa Nebo, mungu wa huko. Lingekuwa jina la ajabu kwa Mwingereza, lakini kwa msomaji wa Arusha au Moshi si la ajabu hata kidogo: kina Meshaki, Shadraka na Abednego wako kila usharika. Hata ubin wake una mchezo ndani. Thompson ni mwana wa Thom, na Thom ni Tomaso, yule ambaye Injili ya Yohana inasema wazi "aitwaye Pacha". Mtoto wa pacha, naye pacha.

Kwa mdarizi, jina hili ni mtihani mzuri. Lina B, D, G na O, yaani mviringo mwingi, na mviringo ndio unaofichua mashine iliyopangwa vibaya. Uzi unapopita huku na huku juu ya satini huivuta nguo ndani, kwa hiyo O iliyochorwa duara kwenye kompyuta hutoka imebanwa kama yai. Anayetengeneza faili la herufi hutakiwa kuinenepesha herufi kidogo, kama milimita 0.2 hadi 0.4, upande ule ambako uzi unavuta. Hapa walifanya hivyo. O imetoka O. Sehemu nyembamba ya katikati ya B, ambayo mafundi wengi huiacha ijazike uzi hadi inasomeka kama 8, imebaki wazi.

Vipimo pia vimekaa. Mkanda una upana wa sentimita 10. Herufi zina kimo cha sentimita 5, upana wa 3, isipokuwa I yenye 1, na nafasi kati ya herufi ni nusu sentimita. Jumla sentimita 22. Kipande cha mbele kisicho na mpira kina sentimita 26, kwa hiyo jina limekaa katikati na pumzi mbili kila upande. Hicho kipande cha mbele ndicho siri ya kaptula hii. Mafundi wengi mjini hudarizi moja kwa moja juu ya mkanda wa mpira, na matokeo yake hujulikana: mpira ukinyooshwa uzi haunyooki nao, unakatika, na mpira ukirudi jina linajikunja kama bati. Hapa mpira umewekwa ubavuni na nyuma tu, mbele ni satini tupu iliyopigwa gamu kwa ndani, na chini yake kuna karatasi ngumu ya kudarizia, ile ya kukatwa kwa mkasi na siyo ile ya kuchanwa kwa mkono. Ya kuchanwa huisha baada ya kufuliwa mara chache, na herufi hubaki hazina mgongo.

Wino mwingi unatumika kusifia rangi za uzi, lakini cha kuuliza ni uzi wenyewe ni wa nini. Wa poliesta unastahimili jasho na sabuni. Wa rayoni unang'aa zaidi dukani, halafu unachuja. Jaribu hivi: lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya herufi nyekundu, pitisha pasi ya moto wa wastani. Kikitoka na waridi, mkanda mweupe utakuwa waridi pia. BENDIGO yetu nyekundu ilipita.

Kasoro ya mkanda huu ni moja. Mguu wa herufi una unene wa milimita 9, na umejazwa kwa mshono mrefu wa kwenda na kurudi. Mshono wa aina hiyo ukizidi milimita 7 huanza kulegea, na bondia ana adui mmoja wa mshono uliolegea: velkro ya glovu. Kila anapojilinda tumboni, velkro inakwaruza jina. Mwezi mmoja wa mazoezi unatosha kulifanya lifanane na mkeka uliochakaa. Omba mguu wa herufi ugawanywe katikati kwa mshono wa pili, au ujazwe kwa mshono mfupi mfupi. Gharama haiongezeki; muda wa mashine ndio unaongezeka kidogo.

Urefu wa jina ni jambo ambalo wapiganaji wa zamani walilitatua bila futi kamba. Kwa kanuni za ngumi kavu za mwaka 1838, raundi haikuwa na dakika. Iliisha mtu anapoanguka, akapewa sekunde 30, kisha sekunde 8 za kurudi kwa miguu yake hadi mstarini katikati ya ulingo. Pambano la Bendigo na Ben Caunt mwaka 1845 lilifika raundi 93 kwa hesabu hiyo. Umati uliosimama uwanjani, bila kipaza sauti, unaita jina kila mtu anapoinuka. Abednego isingevumilika. Ndiyo maana James akawa Jem, kama Jem Mace, bingwa aliyezaliwa mwaka 1831 Norfolk. James ni Yakobo yule yule, amepita Kilatini na Kifaransa hadi akafika amekatwa miguu. Vivyo hivyo huku Elibariki akifika ulingoni huwa Eli.

Mkanda nao una umati wake, ni macho. Chukua koo za Wameru: KAAYA inakula sentimita 17, safi. NNKO ni nyepesi zaidi, ingawa mtangazaji wa kutoka mbali atajikwaa. PALLANGYO kwa herufi za kawaida inafika sentimita 31, na hapo P na O zinakwenda ubavuni ambako mikono inazifunika, watu wanasoma ALLANGY. Usikubali fundi apunguze kimo cha herufi, maana jina dogo halisomeki kutoka viti vya nyuma. Mwambie abane upana: herufi za sentimita 2.3 zinaileta PALLANGYO kwenye 24.7, kimo kikiwa kile kile. Watu wa banda hili walijua hesabu hiyo kabla ya kuambiwa, na hilo lilitupa imani.

Imani hiyo ilipungua kwenye SANING'O.

Kazi ilitoka SANINGO. Ritifaa, ile alama ya ' baada ya NG, haikuwepo. Chanzo si uzembe wa mkono. Faili la herufi walilonunua lina herufi 26 na tarakimu kumi tu, alama hazimo, na anayechapa akiweka ritifaa mashine inairuka kimya kimya bila onyo. Lakini ng' si pambo. Mtu wa Monduli akiona SANINGO anasoma sauti nyingine, na jina la baba limeharibika hadharani. Na satini haisamehi: ukifumua mshono, matundu ya sindano yanabaki pale pale kama nyayo kwenye saruji mbichi. Kipande cha mbele kilibidi kishonwe upya chote. Walikishona bila kulipwa, siku mbili zaidi, na ritifaa sasa imechorwa kama umbo la peke yake, sentimita 1 kwa upana, jina zima likafika sentimita 23.5. Kwa hiyo mwenye ng' kwenye jina, au mwenye Ole inayotaka nafasi kabla ya jina linalofuata, asitoke bandani bila kuonyeshwa jina limedariziwa kwanza kwenye kitambaa chakavu. Ole ni "wa", kama ile -son ya Thompson. Hakuna anayekubali Thompson iandikwe bila son.

Kaptula yenyewe, tukiliacha jina, imeshonwa kwa adabu. Mishono ya ndani imeachiwa sentimita 1.5 na kupigwa ovaloki, jambo la lazima kwa satini ya poliesta inayochanika nyuzi nyuzi. Mpasuo wa ubavuni ni sentimita 11, unaruhusu hatua ndefu. Urefu unaishia juu kidogo ya goti. Kiuno kilikuja kirefu mno, mkanda ukapanda juu ya kitovu, na mwamuzi anayejua kazi yake atauvuta chini kabla ya kengele, kwa sababu mstari wa kitovu ndio mpaka wa ngumi halali. Pima kutoka kitovuni kwenda chini, usimwachie fundi apime kama anavyopima suruali ya kazini. Bondia wa ridhaa anahitaji mbili, nyekundu na bluu, kwani kona hupangwa na si yeye anayechagua, na mkanda uwe na rangi tofauti na kaptula ili mpaka uonekane. Banda hutoa punguzo la 5,000 kwa jozi.

Sasa joho.

Maneno ya mgongoni yaliigwa kwa John Heenan, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye karakana za meli huko Benicia, California, akaitwa Kijana wa Benicia. Tarehe 17 Aprili 1860 alikutana na Tom Sayers huko Farnborough, Uingereza, pambano lililozidi saa mbili, likavurugika, likaitwa sare, kila mmoja akapewa mkanda wake wa ubingwa. Jina la mji wa kazi likamfuata kuvuka bahari. Enzi hiyo ilijaa majina ya namna hiyo: William Perry, mtu wa mashua za mfereji, alikuwa Mfyekaji wa Tipton, James Burke, ambaye hakusikia vizuri, aliitwa Burke Kiziwi bila mtu kuona haya. Kwetu, jina la mtaa linafanya kazi ile ile, na Ngarenaro ni chaguo zuri kwa joho jeusi kwa kuwa neno lenyewe ni la Kimaasai, maji meusi.

Kwa cherehani ni janga. NGARENARO ina herufi tisa. Kwa upana wa mgongo wa sentimita 42 herufi zilitakiwa kuwa kubwa, neno zima sentimita 39, na fremu kubwa kuliko zote waliyonayo ina sentimita 30. Wakalikata neno: wakadarizi NGARE, wakafungua fremu, wakahamisha nguo, wakadarizi NARO. Nusu ya pili iko chini ya nusu ya kwanza kwa milimita 4. Ukiwa karibu huoni. Bondia akisimama kona na kugeuza mgongo, neno linaonekana linateremka kama barabara ya kwenda Unga Limited. Juu ya hayo, herufi zote zimejazwa uzi kwa msongamano ule ule wa mkanda, hivyo mgongo umekuwa ubao. Joho halianguki mwilini, linasimama. Fremu nayo imeacha alama ya duara kwenye satini, ambayo mvuke wa pasi uliipunguza bila kuimaliza.

Dawa ipo na ni rahisi kuliko walichofanya. Herufi kubwa za mgongoni zisidariziwe. Zikatwe kwenye kitambaa kizito kidogo, zibandikwe kwa gamu, kisha zizungushiwe mshono wa zigizaga wa cherehani ya kawaida. Zinakuwa nyepesi, fremu haihusiki, na mstari unanyooshwa kwa rula na chaki. Fundi alikubali kwamba anaweza, ila haiweki kwenye bei zake kwa kuwa wateja wanaona kudarizi ndiyo hadhi. Omba. Usipoomba utaletewa ubao.

Kofia ya joho ni kubwa kupita kiasi na haina kitu cha kuishikilia kwa ndani. Inamwangukia mtu machoni. Mikono ni mipana, hilo ni sahihi, maana joho huvaliwa glovu zikiwa zimeshafungwa. Pima kwa kupitisha glovu ya aunsi 16, si kiganja kitupu.

Wanaotaka kuepuka gharama hushuka Memorial, Moshi, kutafuta joho la mtumba. Yapo majoho mazuri ya satini kwenye marobota ya nguo za michezo, lakini likiwa na jina la mtu mwingine usinunue kwa kutegemea kulifumua. Matundu yatabaki, na jina la zamani litasomeka chini ya jipya kwenye mwanga. Linalofaa ni lisilo na maandishi, au lenye maandishi madogo kifuani yanayoweza kufunikwa kwa kipande kimoja cha kitambaa.

Kitu kimoja kidogo bandani kinastahili sifa kubwa: leso. Wanashona leso za satini za rangi ya kaptula, sentimita 50 kwa 50, shilingi 3,000. Mabondia wa ngumi kavu hawakuwa na jina popote kwenye nguo, walikuwa na rangi. Kila mmoja alifunga leso yake kwenye nguzo ya ulingo, mashabiki walivaa zinazofanana, na mshindi aliondoka na zote mbili. Leso ya bluu yenye madoa meupe iliitwa belcher, kutokana na Jem Belcher, bingwa aliyekufa mwaka 1811, na jina hilo likabaki kwenye kamusi za Kiingereza wakati mwenyewe amesahaulika. Kwa klabu yenye mashabiki ishirini, leso ishirini zinaonekana ukumbini kuliko joho moja, na bei zake hazipishani sana na nusu ya joho.

Ushauri wa bure ambao mafundi hawa huutoa kwa mteja kuhusu jina lenyewe ni dhaifu. Wanapenda majina marefu ya Kiingereza, kwa sababu faili zake tayari zipo. Majina yanayokaa ni mengine. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, Edinburgh, akiwa na jina ambalo halikuhitaji nyongeza, herufi tano. Michael Yombayomba alipochukua dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998, jina lake lilijiita mara mbili lenyewe. Karim Mandonga ana Mtu Kazi, maneno mawili ambayo hata mtoto anayeuza karanga anayaelewa. Bendigo naye alifika mbali kuliko mwenyewe: mchungaji wa kondoo mmoja Australia alipachikwa jina hilo kwa kumfananisha na bondia, kijito kikaitwa kwa mchungaji, na mji uliokuwa ukiitwa rasmi Sandhurst ukabadilishwa kuwa Bendigo mwaka 1891.

Kufua: geuza ndani nje, maji baridi, sabuni ya unga kidogo, hakuna jiki. Damu iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi kabla ya kitu kingine chochote. Ya moto inaigandisha. Anika kivulini, jua la Arusha linakula nyekundu kwa msimu mmoja. Mwezi wa saba joho zito halikauki kwa siku moja, na likikunjwa na unyevu, gamu inaachia na herufi zinapiga malengelenge. Pasi ipigwe upande wa nyuma, na kitambaa kati.

Na umeme ukikatika jina likiwa mashineni, usiondoke. Mashine inakumbuka ilipoishia, lakini mtu akiigusa fremu wakati wa kusubiri, herufi inayofuata inaanzia pembeni kwa nywele moja au mbili. Mwulize fundi ilikatikia herufi gani, kisha iangalie hiyo kabla ya kulipa nusu iliyobaki. Kwenye BENDIGO ilikuwa D, na ilikuwa sawa.